Tukilipa, iwe yetu: juu ya michezo ya video inayoondolewa madukani



Leo tunaandika juu ya kitu ambacho wakubwa wengi wanasema ni cha watoto: michezo ya video. Tunasema juu ya ile michezo ambayo iliuzishwa katika maduka ya mtandaoni, watu wakailipia, kisha siku moja ikaondolewa kwa sababu leseni zake zilifika mwisho. Hakuna mwizi aliyepita, hakuna duka lililoungua. Mkataba wa wakubwa wawili umeisha huko mbali, na mchezo umetoka dukani.

Msimamo wetu tunautoa mapema. Mtu akitoa feza yake, ajue mbele ya kulipa kama kitu kinakuwa chake ao amekodishwa tu, na kwa muda gani. Na kile alicholipia kisiondolewe mikononi mwake bila taarifa na bila kurudishiwa feza. Leo tunadai haki ya mnunuzi wa mchezo. Kesho itakuwa haki ya mnunuzi wa kitabu, wa wimbo, wa masomo, na wa kila kitu kitakachopita ndani ya telefone.

MFANO AMBAO KILA KIJANA ANAUJUA

Tuanze na mpira. Kwetu, penye kuna umeme wa jua ao jenereta, televisheni moja na manete mbili, vijana wanakusanyika na kucheza "FIFA". Wengine wanaita kila mchezo wa mpira "FIFA", hata kama ni PES. Jina hilo lilidumu karibu miaka 30, tangu mchezo wa kwanza wa kampuni ya EA uliotoka mwaka 1993.

Lakini jina halikuwa la EA. EA ilikuwa inalikodi kwa shirikisho la mpira la dunia. Magazeti ya Marekani yaliandika kwamba bei ilikuwa karibu dola milioni 150 kwa mwaka, na FIFA ilitaka angalau mara mbili. Mwezi wa 5 mwaka 2022 wakatangaza kwamba wanaachana. FIFA 23 ikawa ya mwisho. Mwezi wa 9 mwaka 2023 ukatoka mchezo mpya, EA Sports FC 24, na mwezi ule ule FIFA 23 pamoja na ndugu zake za miaka ya nyuma zikaondolewa katika maduka ya mtandaoni. Kwa wenye kucheza FIFA Mobile kwenye telefone, programu ilijibadilisha tu, jina likageuka, na hakuna aliyewauliza.

Aliye na diski ya FIFA 23 bado anacheza. Anaweza kumwazima rafiki, anaweza kuiuzisha sokoni. Lakini aliyetaka kuinunua mtandaoni baada ya pale, hata awe na feza mkononi, hapati. Na ule haukuwa mchezo wa zamani. Ulikuwa wa mwaka mmoja tu.

Wapenzi wa magari nao wana yao. Forza Horizon 4 ilitoka mwaka 2018, ikaondolewa dukani tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2024. Forza Horizon 3 ilishaondoka mwaka 2020. Mchezo wa namna hii umejaa magari ya kweli na nyimbo za kweli, na kila jina la gari na kila wimbo una mwenyewe.

Wakati mwingine ni nyimbo peke yake. Alan Wake, mchezo wa Remedy, kampuni ya Finland, uliondolewa mwezi wa 5 mwaka 2017 sababu ruhusa za nyimbo zake zilikwisha. Ulirudi mwezi wa 10 mwaka 2018 baada ya ruhusa kununuliwa upya. Miezi 17 mchezo haukuwa dukani kwa sababu ya nyimbo chache.

Na kuna kisa cha GTA IV, ambacho tunaona ndicho kibaya zaidi. Mchezo ulitoka mwezi wa 4 mwaka 2008. Miaka 10 baadaye, mwezi wa 4 mwaka 2018, leseni za nyimbo nyingi za redio zake zilikwisha, na nyimbo zikatolewa kwa njia ya mabadiliko ya programu. Hata aliyekuwa ameshalipa miaka ya nyuma, mchezo wake kwenye kompyuta ulibadilishwa. Ni kama fundi aliyekuuzishia redio aingie nyumbani kwako usiku, atoe kipande, afunge mlango na kwenda.

LESENI NI NINI, NA JUU YA NINI INAISHA

Leseni ni ruhusa. Anayetengeneza mchezo anaomba ruhusa ya kutumia jina la ligi, sura ya mchezaji, gari, wimbo ao shujaa wa filamu. Analipa, na mkataba una tarehe ya mwisho. Siku wanaposaini, kila mmoja anafikiri juu ya miaka ya kwanza, wakati mchezo unauzika sana. Tarehe ikifika, mchezo umezeeka, unauzika kidogo, na kulipia ruhusa mpya kunaweza kugharimu kuliko faida inayobaki. Basi wanahesabu, wanaona bora kuuondoa. Wenyewe wanaita hiyo biashara.

Tuseme wazi: hatupigani na leseni. Mwanamuziki ambaye wimbo wake unatumika anastahili kulipwa. Sisi wa Kongo tunajua hii vizuri, sababu nyimbo zetu zimezunguka dunia na wengi wa wenyewe wamekufa maskini. Katiba yetu, kifungu cha 46, inalinda haki za watunzi, na tangu tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka 1986 kuna sheria juu ya haki hizo. Mtunzi alipwe. Swali letu ni juu ya mtu wa tatu, yule ambaye hayuko mezani wakati mkataba unasainiwa, lakini ndiye anatoa feza: mnunuzi.

Sisi wa Kabambare neno "permi" halitupiti. Tumeishi na migodi, tunajua Namoya. Udongo na kilicho chini yake ni vya Leta, na kampuni inapewa haki ya kuchimba kwa muda. Lakini permi ya mgodi ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, imeandikwa kwenye Kadastri ya Madini, na kampuni ina wakili wa kuisoma. Mnunuzi wa mchezo, yeye, hapewi tarehe. Mkataba wa FIFA ao wa gari ao wa wimbo haubandikwi dukani. Anaona bei, anaona kitufe kimeandikwa "nunua", analipa.

Na hapa kuna jambo la lugha yetu. Kwetu mtu akisema "nimeuza telefone", maana yake amelipa na telefone ni yake. Aliyeitoa ndiye "ameuzisha". Katika Kiswahili cha pwani ni kinyume, na watu wanachekana juu ya hiyo kila siku. Lakini pande zote mbili wanakubaliana juu ya kitu kimoja: baada ya feza kupita, kitu kimebadilisha mwenyewe. Maduka ya mtandaoni yametuletea biashara ya tatu, ambayo feza inapita na kitu hakibadilishi mwenyewe. Wazee walishasema: nguo ya kuazima haisitiri matako.

MILANGO MITATU INAYOFUNGWA

Tusidanganyane. Mchezo ukiondolewa dukani, mara nyingi aliyeshaununua anaweza bado kuupakua tena kwenye konti yake. Ndivyo ilivyo kwa Forza Horizon 4. Watu wengine wanasema basi hakuna tatizo. Tatizo liko, sababu huo ni mlango wa kwanza tu.

Mlango wa pili ni seva, zile kompyuta za kampuni ambazo mchezo unaongea nazo. The Crew, mchezo wa magari wa Ubisoft, kampuni ya Ufaransa, ulitoka mwaka 2014. Mwezi wa 12 mwaka 2023 waliuondoa madukani na kueleza kwamba ni juu ya seva na mipaka ya leseni. Tarehe 31 mwezi wa 3 mwaka 2024 wakazima seva. Mchezo huo haukuweza kuchezwa bila intaneti, hata na mtu aliye peke yake chumbani. Basi hata mwenye diski alibaki na plastiki. Siku zilizofuata wachezaji wakasema kwamba mchezo umetolewa hata ndani ya konti zao.

Mlango wa tatu ni duka lenyewe. Nintendo ilifunga mauzo ya duka la mashine zake za 3DS na Wii U tarehe 27 mwezi wa 3 mwaka 2023. Microsoft ilifunga duka la Xbox 360 tarehe 29 mwezi wa 7 mwaka 2024. Michezo mingi ambayo haikuwahi kutoka kwa diski ilikosa mahali pa kuuzishwa.

Na si michezo peke yake. Mwezi wa 12 mwaka 2023 Sony iliwaambia wateja kwamba vipindi vya Discovery walivyonunua kwa PlayStation vitafutwa, sababu ya mikataba ya leseni. Watu walipiga kelele, na Sony ikarudi nyuma. Kumbukeni hiyo: walipiga kelele, na kampuni ikarudi nyuma.

Hasara ya jumla nayo inajulikana. Mwaka 2023 shirika la Marekani la kuhifadhi historia ya michezo, Video Game History Foundation, lilitoa uchunguzi: kati ya michezo iliyotoka Marekani mbele ya mwaka 2010, asilimia 87 haipatikani tena kununuliwa kwa njia ya kawaida. Leseni ni sababu moja kati ya nyingi. Lakini kazi ya maelfu ya wachoraji, waandishi na mafundi imefungiwa nje ya biashara, wakati ule mchezo wa mashimo na mbegu ambao wazee wetu wanacheza chini ya mti hauna wa kuuzima.

SISI TUNAPOTEZA NINI ZAIDI

Mtu wa Paris ao Nairobi mwenye intaneti nyumbani akipoteza mchezo anaweza kuupakua tena usiku akiwa amelala. Kwetu mambo ni mengine.

Rezo yetu inajulikana. Mega zinanunuliwa kidogo kidogo, na mchezo mkubwa unaweza kumaliza feza ya chakula cha juma. Ndiyo maana kijana akienda Kasongo ao Kindu anapakua vitu vyote kwa safari moja, anarudi navyo kwenye telefone ama kwenye kadi ya memori. Kwake kupakua ni safari. Wakisema "unaweza kupakua tena wakati wowote", wanasema na mtu ambaye hayuko Wamaza.

Halafu telefone zinaharibika. Mvua, vumbi, pikipiki, wezi, betri inayovimba. Telefone ikifa, kila kitu kinategemea konti. Na konti ni ya nani? Wengi wetu konti ya kwanza tulifunguliwa na yule aliyetuuzishia telefone ao kijana wa kushaji. Neno la siri analijua yeye, ama hata yeye amelisahau. Basi mtu amelipa kwa feza yake, kwa jina la mwingine, kitu ambacho kampuni inasema si chake. Hapo amebaki na nini?

Kuna jambo lingine ambalo linatuuma. AS Maniema Union, timu yetu ya Kindu, ilifika katika makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika msimu wa 2024-2025 na kucheza na Mamelodi Sundowns, Raja na AS FAR. Lakini ligi yetu ya Linafoot haiko ndani ya EA Sports FC. Leseni ambazo zinaondoa michezo mikononi mwetu hazikuwahi kununuliwa juu yetu. Vijana wa Afrika ndio wanakaa usiku na kompyuta mbovu, wanachukua mchezo wa zamani, wanachora jezi za timu zao na kuandika majina ya wachezaji wao kwa mkono. Ile michezo ya zamani wanayoitengeneza ni ile ile ambayo wakubwa wameacha kuiuzisha.

"LAKINI NINYI WENYEWE MUNATUMIA KOPI"

Tunasikia hii kila mara, na ni kweli. Katika nyumba zetu za michezo diski nyingi ni za kukopi, na kwenye telefone watu wanacheza michezo ya PSP kwa programu ya PPSSPP, michezo iliyopita kutoka mkono hadi mkono. Hatutasema kwamba hiyo ni sheria, na hatutaimba sifa zake.

Lakini tuangalie inatoka wapi. Anayetaka kulipa anakuta duka linataka kadi ya benki, na kwetu benki iko mbali. Akitafuta mtu wa kumlipia na kutoa feza kwa telefone, anaweza kukuta mchezo wenyewe umeshaondolewa. Mchezo ambao hauuzishwi tena popote hauna njia ya halali ya kuupata mpya. Kwa hiyo kampuni ikiondoa mchezo dukani, inaacha kopi peke yake sokoni, kisha inatuita wezi. Sisi tunataka kijana wa Wamaza aweze kulipa, na akilipa apate kitu. Hakuna kinachoua tabia ya kulipa kama kulipa na kunyang'anywa.

"WATU WANAKUFA, NINYI MUNAONGEA JUU YA MICHEZO?"

Swali hili ni zito na linatoka kwa watu tunaowaheshimu. Wazee wetu na mama zetu wameona vita vikipita, wameona Salamabila, wameona vijana wakifuata Mai-Mai na wengine wakizikwa katika mashimo ya dhahabu. Barabara ya Kasongo mvua ikinyesha kila mtu anaijua. Sisi tumeandika juu ya haya na tutaendelea.

Lakini tunakataa kuambiwa kwamba mtu aliye katika shida ana haki ya kuongelea shida moja tu. Kijana wa Wamaza anayekaa mbele ya televisheni na manete jioni hayuko shimoni wala porini, na hayuko na bunduki. Ile saa moja ya kucheka na wenzake ina thamani. Na njia wanayotumia kuchukua mchezo ni njia ile ile itakayotumika kwa kitabu cha shule. Tukizoea kukubali kwa mchezo wa dola chache, tutakubali siku mwanafunzi atakapofungua kitabu chake cha masomo mbele ya mtihani na kukuta leseni imeisha.

Tena tunajua kwamba mambo ya telefone yanaweza kuleta ushindi. Kumbukeni RAM. Kuanzia mwaka 2020 walikuwa wanakata initi zetu, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa telefone ya 3G ao 4G, kwa jina la kuandikisha vyombo. Walitumaini watu watanyamaza sababu kila mara zinakatwa initi kidogo. Watu hawakunyamaza. Vijana, waandishi wa habari, harakati za raia na wabunge walipiga kelele, na mwaka 2022 RAM ikafutwa. Hakuna aliyetuambia wakati ule kwamba initi ni mambo ya watoto.

WENGINE WAMEFANYA NINI

Baada ya kifo cha The Crew, mwezi wa 4 mwaka 2024 Ross Scott, mtengeneza video wa Marekani, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games. Hawaombi kampuni ilipie seva milele. Wanaomba kwamba siku kampuni inaacha mchezo, iuache katika hali ambayo mnunuzi anaweza kuucheza peke yake. Wakatumia njia ya raia wa Umoja wa Ulaya, ambayo inadai sahihi milioni 1 kwa mwaka mmoja. Miezi mingi walikuwa nyuma, watu wakasema imeshindikana. Mwanzo wa mwezi wa 7 mwaka 2025 wakapita milioni 1.

Huko California, sheria iliyosainiwa mwaka 2024 ilianza kazi tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2025. Duka la mtandaoni haliruhusiwi kumwambia mteja "nunua" bila kumweleza wazi kwamba anapata leseni tu, isipokuwa pale mteja anapakua kitu na kukaa nacho kabisa bila intaneti. Sheria hiyo hairudishi mchezo hata mmoja. Lakini inalazimisha ukweli usemwe mbele ya feza kutoka, na huo ni mwanzo.

Sisi nasi tuko na vyombo. Katiba, kifungu cha 34, inasema mali ya mtu ni takatifu. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine. Na tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 nchi yetu ina Sheria ya Dijitali. Sheria iko. Wa kuigonga mlango ni sisi.

TUNACHOOMBA

1. Kwa kampuni za telefone na wote wanaouzisha michezo, nyimbo na video kwa initi ao kwa feza ya telefone hapa Kongo: andikeni mbele ya malipo, kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, kama mteja ananunua ao anakodi. Kama kuna tarehe ya mwisho, iandikwe.

2. Kwa ARPTC: hii iwe sharti la kufanya biashara hiyo, na kuwe namba moja ya bure ya kupeleka malalamiko.

3. Kwa wabunge wetu, na kwanza wale wa Maniema: wekeni wazi ndani ya Sheria ya Dijitali kwamba kitu kilicholipiwa hakiondolewi bila taarifa ya miezi 6, na kwamba mnunuzi apewe nafasi ya kukihifadhi ao arudishiwe feza.

4. Kwa wizara ya utamaduni: sheria ya mwaka 1986 iliandikwa wakati kijana wa Wamaza hajawahi kuona kompyuta. Iangaliwe upya, ili vyuo vikuu na maktaba viruhusiwe kuhifadhi kazi za dijitali ambazo haziuzishwi tena, bila kumnyima mtunzi haki yake.

5. Kwa vijana wa Afrika wanaotengeneza michezo: ninyi ni wenzetu. Muuzishe kitu kinachofanya kazi bila rezo. Mukisaini mkataba wa wimbo ao wa jina, fikirieni mnunuzi wa mwaka wa 10.

NA WEWE, FANYA HII JUMA HILI

Kwanza, fungua konti kwa jina lako mwenyewe, na neno la siri ulijue wewe. Liandike kwenye daftari, uliweke penye unaweka kadi ya mpiga kura. Mali bila daftari huisha bila habari.

Pili, mbele ya kulipa uliza maswali mawili: mchezo huu unafanya kazi bila intaneti? Na telefone ikiharibika, nitaupata namna gani? Muuzaji akishindwa kujibu, feza yako ikae mfukoni.

Tatu, kile ulichoshalipia ukipakue wakati uko penye rezo nzuri, usingoje. Mchezo unaopenda kama upo kwa diski, shika diski.

Nne, ongea. Pale kwenye nyumba ya michezo, kwenye kituo cha pikipiki, darasani, kanisani, msikitini. Waeleze wengine habari za FIFA 23 na The Crew. Ombi letu kwa wabunge, kwa njia ya kifungu cha 27, litahitaji sahihi, na sahihi zinaanza na watu wanaoelewa.

Hatuombi zawadi. Hatuombi mchezo wa bure. Tunaomba kwamba franka inayotoka katika jasho la mchimbaji, la muuza mihogo na la dereva wa pikipiki ihesabiwe kama feza ya mtu mwingine yeyote duniani. Wakiita "nunua", iwe kununua. Kama ni kukodi, waseme kukodi, na bei ishuke.

Tuko macho, na hatutanyamaza.

Imefanyika Wamaza.